Kufufua Reli Iliyokufa: Fedha Hutoka Fungu Gani na Hukwamia Wapi

Kila mkutano wa bajeti bungeni Dodoma huwa na swali la reli. Mbunge husimama, hutaja njia iliyokufa jimboni kwake na kuuliza ni lini Serikali itaifufua. Naibu waziri hujibu kwamba fedha zimetengwa kwa ajili ya upembuzi yakinifu. Mbunge huketi ameridhika, jimboni habari husambaa kwamba treni inarudi, na nyasi huendelea kuota katikati ya mataruma, zile nguzo zinazolazwa chini kubeba vyuma vya reli, kwa mwaka mwingine.

Hakuna aliyedanganya hapo. Ila jibu lile limegusa hatua ya kwanza tu, na kila hatua ya kufufua reli ina mfuko wake na mahali pake pa kukwamia. Nitaifuata shilingi kutoka mfuko mmoja hadi mwingine, nikitumia zaidi njia ya Tanga hadi Arusha. Njia hiyo ilikufa kweli na ikafufuka kweli, kwa hiyo tuna la kuchunguza badala ya kubahatisha.

Reli hufaje?

Wajerumani walianza kutandika reli kutoka Tanga mwaka 1893 kupitia kampuni binafsi. Ilifika Muheza mwaka 1896, mwendo wa kilomita 40 hivi, na hapo kampuni ikaishiwa. Mwaka 1899 serikali ya kikoloni ikaichukua. (Wanaoamini kwamba zamani reli zilijengwa na wafanyabiashara majasiri bila msaada wa hazina waikumbuke Muheza.) Reli ikafika Moshi mwaka 1911, na Waingereza wakaifikisha Arusha mwaka 1929. Mwaka 1963 kikafunguliwa kipande cha karibu kilomita 190 kati ya Mruazi na Ruvu, kikaiunganisha na Reli ya Kati, na mtu akaweza kupanda treni Dar es Salaam akashukia Moshi.

Njia hiyo iliishi kwa mkonge wa Tanga na Korogwe na kahawa ya Kilimanjaro. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za mkonge, kisha uzalishaji ukaporomoka mpaka ikabaki sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, Shirika la Reli la Afrika Mashariki likagawanywa, mpaka na Kenya ukafungwa, na njia ya Moshi kwenda Voi ikakosa maana. Barabara ya lami ikawapa wenye malori kasi ambayo treni haikuweza kushindana nayo. Treni ya abiria ikasimama katika miaka ya 1990, na ya mizigo ikafuata mwaka 2007.

Hayo ndiyo yanayosemwa kwa kawaida, na ni kweli. Lakini kuna sababu nyingine isiyoonekana barabarani, nayo ndiyo muhimu kwa anayetaka kuelewa fedha za reli. Reli hudai matengenezo kila mwaka: kubadilisha mataruma yaliyochoka, kuongeza kokoto, kuzibua makalavati, kukaza vishikizo. Shirika likikosa fedha, hiyo ndiyo kazi ya kwanza kuahirishwa, kwa sababu ukiiahirisha leo treni ya kesho bado inapita. Baada ya miaka michache mhandisi wa njia anaanza kuweka mabango ya kupunguza mwendo. Hapa kilomita 30 kwa saa, pale 15.

Chukulia behewa linalopeleka saruji Moshi na kurudi Tanga kwa siku nne. Kwa mwaka litafanya safari 90 hivi. Njia ikichakaa, safari ikawa ya siku nane, behewa hilohilo litafanya safari 45. Dereva ni yuleyule na mshahara ni uleule, ila mapato yamekuwa nusu, na fedha ya matengenezo iliyokosekana mwanzo sasa inakosekana zaidi. Mwenye mzigo, akishachoka kusubiri, anahamia kwenye lori na harudi. Hakuna siku ambayo waziri anatangaza kwamba reli imekufa. Siku moja tu treni haiji, na kesho yake pia haiji.

Nani alikuwa na jukumu la kuitunza?

Hapa pana jambo la kisheria ambalo watu wengi hulipuuza. Sheria ya Reli ya mwaka 2002 ilitenganisha mali na biashara. Mali, yaani njia, madaraja na stesheni, zikawa chini ya RAHCO, kampuni ya Serikali. Biashara ya kuendesha treni ikakodishwa mwaka 2007 kwa Tanzania Railways Limited (TRL), ambayo kampuni ya RITES ya India ilishika asilimia 51 ya hisa na Serikali 49, kwa mkataba wa miaka 25. Mkataba haukufika mbali. Mwaka 2011 Serikali ilikuwa imeshaichukua tena kampuni yote.

Mpangilio wa namna hii unafanya kazi pale mkodishaji anapolipa ada ya kutosha kutunza njia, na njia inapokuwa nzuri kiasi cha kumwezesha kupata hiyo ada. Yote mawili yakikosekana, kila upande unamtazama mwenzake. Mwenye treni anasema njia mbovu, mwenye njia anasema hajalipwa. Kenya na Uganda walipita humohumo: Rift Valley Railways ilipewa mkataba wa miaka 25 mwaka 2006, ukavunjwa mwaka 2017. Kwa Tanzania, Sheria ya Reli Na. 10 ya mwaka 2017 iliziunganisha RAHCO na TRL na kulirudisha Shirika la Reli Tanzania, TRC, likiwa na mali na biashara chini ya mkurugenzi mmoja.

Kwa maoni yangu, bila hatua hiyo ya karatasi njia ya Tanga isingefufuka mwaka 2019. Mhazini wa Serikali hawezi kumpa fedha mtu ambaye haijulikani kama reli ni yake.

Aina za kifo

Kabla ya kuhesabu fedha lazima ujue njia imekufa kifo cha namna gani.

Ipo iliyolala tu: reli na mataruma vipo, madaraja yamesimama, vichaka vimejaa. Ya Tanga ilikuwa ya namna hiyo kwa sehemu kubwa. Ipo iliyonyofolewa kidogokidogo na wauza vyuma chakavu, hasa pale ambapo mataruma ni ya chuma. Na ipo iliyong'olewa rasmi, kama ile ya Nachingwea iliyojengwa baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza. Ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na vyuma vyake vikaondolewa. Leo ukiahidiwa kufufuliwa kwa reli ya namna hiyo, unaahidiwa ujenzi mpya kabisa, na bei yake ni ya ujenzi mpya.

Juu ya hayo kuna suala la ardhi. Hifadhi ya reli nchini Tanzania huhesabiwa mita 15 kila upande mijini na mita 30 vijijini. Treni isipopita kwa robo karne, hifadhi hiyo hugeuka kuwa soko, gereji, shamba la mahindi, hata nyumba ya kuishi. Kisha siku moja wanakuja watu na rangi nyekundu na kuchora X. Aliyejenga ndani ya hifadhi kwa kawaida hana haki ya fidia, lakini ana kura, ana diwani na ana wakili. Nairobi, katika Kibera na Mukuru, Kenya ilichagua njia ya kuwajengea wakazi wa kando ya reli makazi na vibanda vya biashara kwa fedha za Benki ya Dunia. Ilichukua miaka. Mpango wa kufufua reli usioonyesha fedha na muda wa kuwaondoa watu haujakamilika, hata kama michoro yake inapendeza.

Mifuko minne

Fedha za kufufua reli katika nchi zetu hutoka sehemu nne hivi.

Wa kwanza ni mfuko mkuu wa Serikali, yaani kodi. Tanzania, fedha za uchukuzi hupita Fungu 62 la bajeti, na reli hugombania humo na viwanja vya ndege, bandari na meli za maziwa.

Wa pili ni tozo maalumu. Tanzania ilianzisha Tozo ya Maendeleo ya Reli mwaka 2015, asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa inayoingizwa nchini pamoja na bima na nauli yake. Kwa kiwango hicho, aliyeingiza mtambo wa shilingi milioni 10 alilipa 150,000 kwa ajili ya reli hata kama mtambo wake ulisafiri kwa lori. Kenya ilitangulia mwaka 2013 kwa asilimia 1.5, ikapandisha hadi 2 mwaka 2019, ikashusha mwaka 2023, ikapandisha tena mwishoni mwa 2024. Tozo ni fedha ya uhakika, inayoingia kila meli inapotia nanga. Tatizo lake ni kwamba mradi mkubwa huimeza yote. Sehemu kubwa ya tozo ya Kenya imekwenda kwenye SGR, yaani reli mpya ya kisasa yenye njia pana kuliko ya zamani, na madeni yake, na matawi ya zamani yakabaki yanaomba.

Wa tatu ni mikopo na misaada. Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam hadi Isaka, kilomita 970 hivi, ilikarabatiwa kwa mradi ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 300 mwaka 2014. Vipande dhaifu vyenye reli nyepesi vilibadilishwa kuwa ratili 80 kwa yadi. (Reli hupimwa kwa uzito wake; kadiri ilivyo nzito ndivyo inavyobeba behewa zito zaidi kwa mwendo zaidi.) Mkopo huja na wasimamizi wake, ratiba yake na masharti yake ya mazingira na ya watu wanaohamishwa. Faida yake ni kwamba hauwezi kupunguzwa katikati ya mwaka kwa sababu makusanyo ya kodi yameshuka. Hasara yake ni kwamba mkopeshaji huchagua njia anayoiamini, na njia ya Tanga haikuwamo.

Wa nne ni sekta binafsi kwa ubia. Huo husemwa sana kwenye makongamano. Kwa reli iliyokufa, mwekezaji atauliza swali moja tu: mzigo uko wapi, na nani amesaini kuuleta? Bila mkataba wa mzigo, ubia hubaki kwenye hotuba.

Njia ya Tanga ilifufuliwa kwa mfuko wa ndani, na kazi kubwa ilifanywa na wahandisi na mafundi wa TRC wenyewe badala ya mkandarasi. Julai 2019 treni ya mizigo ikafika Moshi kutoka Tanga, ikiwa na saruji, baada ya miaka 12 ya ukimya. Desemba mwaka huohuo abiria wakasafiri kutoka Dar es Salaam hadi Moshi. Oktoba 2020, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, treni ikaingia Arusha. Kalenda ya reli na kalenda ya uchaguzi zimezoeana sana, na sioni ubaya mkubwa, alimradi wahandisi wapewe muda wa kukagua madaraja kabla ya wanasiasa kupanda behewa.

Kwa nini bei hutofautiana mno?

Kenya ilipofufua njia ya Nairobi hadi Nanyuki, kilomita 240 hivi, ilitaja gharama ya shilingi bilioni 1.8 za Kenya. Gawanya upate milioni 7.5 kwa kilomita. SGR ya Mombasa hadi Nairobi, kilomita 472, ilitajwa kugharimu takriban bilioni 327, yaani karibu milioni 690 kwa kilomita. Tofauti ni zaidi ya mara tisini.

Mtu akikuonyesha hesabu hiyo akasema basi SGR ilikuwa wizi mtupu, mwambie atulie. SGR ni njia mpya yenye madaraja marefu, stesheni, vichwa vya treni na mabehewa, inayopitisha treni za abiria kwa kilomita 120 kwa saa. Ya Nanyuki ni njia ya enzi ya ukoloni iliyofyekwa, ikanyooshwa, ikatiwa mataruma na kokoto. Na bilioni 1.8 haikuhesabu kila kitu: vijana wa National Youth Service na wanajeshi walifanya kazi, na mashirika mengine ya umma yakachangia nguvu. Mishahara ya watu hao ililipwa na mlipakodi yuleyule, ila kutoka fungu jingine. Treni ya abiria ilianza Desemba 2020 kwa nauli ya shilingi 200, na ilikuwa treni ya mwisho wa wiki. Hiyo ndiyo huduma unayoipata kwa bei hiyo, na kwa watu wa Karatina na Nanyuki haikuwa kitu kidogo.

Uganda nako, mwaka 2023 Serikali iliipa kampuni ya China Road and Bridge Corporation kazi ya kukarabati Tororo hadi Gulu, kilomita 375, kwa takriban shilingi bilioni 200 za Uganda. Kabla ya hapo mradi ulikuwa umehangaika kwa miaka na mpango wa fedha za Umoja wa Ulaya. Njia ni moja, mfadhili akabadilika, na ratiba yote ikaanza upya.

Kwa hiyo unaposikia bei ya kufufua reli, uliza imejumuisha nini. Vichwa vya treni? Fidia? Mawasiliano na ishara? Vivuko vya barabara? Hilo la mwisho ni jambo zito kuliko linavyoonekana. Mahali ambapo treni haijapita kwa miaka 25, kuna dereva wa bodaboda mwenye watoto ambaye maishani mwake hajawahi kusimama kusubiri treni. Mabango, vizuizi, elimu shuleni na ukaguzi wa LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini Tanzania, vyote vina gharama, na vyote hufanywa kabla ya tiketi ya kwanza kuuzwa.

Na vichwa vya treni ni mradi mwingine kabisa. Mwaka 2017 Watanzania walishangaa Rais Magufuli aliposema hadharani kwamba kuna vichwa vya treni vimeshushwa bandari ya Dar es Salaam na mwenyewe hajulikani. Watu walicheka, lakini kisa kile kilikuwa somo la ununuzi wa umma. Kichwa cha treni huagizwa kiwandani na huchukua muda mrefu kutengenezwa, kwa hiyo mpango wa njia na mpango wa vichwa usipooana, utakuwa na reli bila treni au treni bila reli.

Upembuzi yakinifu si reli

Turudi kwenye jibu la naibu waziri. Upembuzi yakinifu ni kazi ya mshauri mwelekezi, naye hutafuta mambo matatu: njia ikoje, mzigo na abiria watakuwa wangapi, na faida italingana na gharama au la. Huwa kuna hesabu mbili. Moja ni ya kifedha: nauli na ada za mizigo zitalipa gharama? Kwa reli nyingi zilizokufa jibu ni hapana, ndiyo maana zilikufa. Nyingine ni ya kiuchumi: ukiweka humo barabara itakayopona mikikimikiki ya malori, ajali zitakazopungua, mafuta yatakayookolewa na bei ya saruji itakayoshuka Arusha, je, nchi inapata? Reli nyingi hushinda hesabu ya pili na kushindwa ya kwanza. Maana yake ni kwamba Serikali inaweza kuwa na sababu nzuri ya kulipia reli ambayo shirika lake lenyewe halitapata faida kwayo, na ikishalijua hilo inatakiwa iseme wazi ni nani atafidia pengo.

Baada ya upembuzi huja usanifu wa kina, kisha tathmini ya mazingira, kisha kutafuta fedha, kisha zabuni. Mradi unaweza kufia kwenye kila kituo. Uingereza, nchi iliyofunga maelfu ya kilomita za reli katika miaka ya 1960, ilitangaza Januari 2020 mfuko wa pauni milioni 500 wa kurudisha njia zilizofungwa. Miji mingi ilipewa fedha za kuandaa hoja tu. Njia ya Okehampton katika jimbo la Devon ikafunguliwa Novemba 2021 kwa pauni milioni 40 hivi, chini ya makadirio, kwa sababu reli ilikuwa bado ipo na treni za mawe zilikuwa zimeitumia. Nyingi za nyingine zilibaki makabrasha, na Julai 2024 serikali mpya ikaufuta mpango wenyewe. Basi tusidhani kwamba kukwama kwenye upembuzi ni ugonjwa wetu peke yetu.

Kuna pia pengo kati ya fedha iliyopitishwa na Bunge na fedha iliyofika kwenye akaunti ya mradi. Bunge hupitisha Juni, mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini Hazina hutoa kadiri inavyokusanya, na mishahara na madeni hutangulia. Mradi wa ukarabati ambao mkandarasi wake bado hajasaini mkataba ndio rahisi kuusogeza mbele, kwa sababu hakuna atakayeishtaki Serikali kwa kuchelewa kumlipa. Hapo ndipo reli ndogo huumia. SGR ina mkandarasi mwenye riba ya ucheleweshaji ndani ya mkataba wake, wakati tawi la zamani lina mhandisi wa wilaya mwenye barua.

Fedha ya siku ya pili

Siku ya uzinduzi kuna ngoma, kanga na kamera. Siku ya pili inahitaji fedha ya aina tofauti, na hapa ndipo ninapoona mipango yetu ni dhaifu kuliko mahali pengine popote. Kufufua reli hulipiwa na bajeti ya maendeleo, ambayo wanasiasa huipenda kwa sababu ina mwanzo, mwisho na utepe wa kukata. Kuitunza kunatakiwa kulipiwa na mapato ya shirika na ruzuku ya kila mwaka, fedha ambayo haina utepe. Mtu anayefyeka nyasi kilomita kumi za njia, anayezibua kalavati kabla ya masika, anayepita na kiberenge kukagua viungo vya reli, ndiye anayeamua kama treni itapita miaka kumi ijayo.

Kipande cha Kilosa hadi Gulwe kwenye Reli ya Kati kinaonyesha bei ya kusahau hilo. Kipo kando ya mto, na mafuriko yamekibomoa mara nyingi, ikiwemo yale makubwa ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010. Kila mara njia nzima husimama kwa sababu ya kilomita chache, vichwa vya treni hunaswa upande usiotakiwa, na wateja waliorudi kwa kubembelezwa huondoka tena. Njia ya Tanga nayo ina mito ya Usambara na Pare inayoshuka kwa hasira wakati wa masika.

Treni ya abiria peke yake haiwezi kulipia kazi hiyo. Nauli hudhibitiwa na LATRA, na ikipanda sana abiria wa Same na Korogwe hurudi kwenye basi. Kinacholipia njia ni mzigo mzito unaokwenda kila wiki bila kukosa: saruji na mafuta kupanda, mazao na magadi kushuka. Kwa hiyo takwimu ninayoitafuta kwanza ninapotaka kujua kama reli iliyofufuliwa itaishi ni tani zilizobebwa mwaka huu, sio idadi ya abiria waliopiga picha. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kuhusu mashirika ya umma, inayotoka kila mwaka, ina hesabu za TRC ndani yake, na inasomeka kuliko watu wanavyodhani.

Ya zamani na ijayo

Limebaki fumbo moja. Serikali ina mpango wa kujenga SGR kutoka Tanga kupitia Arusha hadi Musoma, zaidi ya kilomita 1,000, pamoja na matawi ya kwenda Minjingu kwenye fosfeti na Engaruka kwenye magadi, na imekuwa ikitafuta wabia wa kuujenga. Mpango huo ukiwa mezani, ofisa wa Hazina ana swali la haki kabisa: kwa nini nitie mabilioni kwenye njia ya zamani yenye upana wa mita moja ambayo nitakuja kuiacha?

Jibu liko kwenye miaka. Mkataba wa kwanza wa SGR, wa Dar es Salaam hadi Morogoro, ulisainiwa mwaka 2017. Abiria wa kwanza waliopanda kwa tiketi walisafiri Juni 2024, kwenye kipande cha kilomita 200 hivi za njia kuu ambacho Serikali ilikipa kipaumbele kuliko mradi wowote wa reli. Ya Tanga hadi Musoma bado inasubiri mwekezaji, na mwekezaji anasubiri mchimba magadi asaini kwamba atapeleka tani kadhaa kila mwaka na atalipa hata asipozipeleka. Mpaka saini hiyo ipatikane, saruji ya Tanga inayokwenda Moshi kwa treni itapita juu ya mataruma yaleyale, na yapo ambayo hayatavuka masika mawili zaidi bila kubadilishwa.